Nili-, Si Ninge-: Kujiandaa kwa Mahojiano ya Umilisi Kisii na Nyamira

Mada iliyowasilishwa kwa vijana wanaotafuta kazi za serikali, Keroka

Nashukuru kwamba tumekutana Keroka, mji ambao kaunti za Kisii na Nyamira zimeugombania, maana ninayokuja kuyasema yanamhusu kijana wa Nyamarambe, Kisii, sawasawa na yanavyomhusu wa Ekerenyo, Nyamira.

Nianze na aibu yangu. Miaka mingi iliyopita niliitwa kuhojiwa katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja. Nilivaa suti ya kuazima, na nilikuwa nimekariri majina ya mawaziri wote. Mwenyekiti wa jopo akaniambia, "Tueleze siku uliyokosana na mwenzako kazini, na ukafanya nini." Nikamwaga maneno dakika tatu nzima. Migogoro ni jambo la kawaida, nikasema. Mtu anapaswa kusikiliza pande zote. Mimi ningeitisha kikao, ningewapatanisha, ningeandika ripoti. Mama mmoja aliyeketi mwisho wa meza akaweka kalamu chini nikiwa katikati ya jibu. Sikuelewa kwa nini. Nilikuja kuelewa baadaye, nilipokaa upande ule wa meza kama katibu wa jopo: hakuwa na cha kuandika.

Neno umilisi wengi wenu mmelizoea kwa sababu ya wadogo zenu walio kwenye Mtaala wa Umilisi. Mtoto hapimwi tu kwa anachokikumbuka, anapimwa kwa anachoweza kukifanya. Mahojiano ya umilisi yana fikira hiyohiyo, na ni ya zamani kuliko mtaala wetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mmarekani, John Flanagan, aliyekuwa amefanya kazi na wanahewa wa jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alichapisha njia yake ya kukusanya visa: usimuulize rubani urubani mzuri ni nini, muulize siku fulani angani alifanya nini hasa. Mwaka 1973 David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard akaandika kwamba alama za mitihani hazitoshi kutabiri nani ataifanya kazi vizuri, na kwamba ni heri kupima umilisi wenyewe. Msingi wa wote wawili ni kwamba mtu aliyewahi kufanya jambo ana uwezekano mkubwa wa kulifanya tena. Aliyeahidi tu, tutajuaje?

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hii ndiyo mada yenyewe. Katika Kiswahili tunachokitumia hapa tuna viambishi vinne ambavyo waombaji kazi huvitumia, na vitatu kati yake havina alama. Kuna -nge-: "Ningemtuliza mwananchi huyo." Kuna -ta-: "Nitahakikisha uwazi." Kuna hu-: "Mimi hufanya kazi kwa bidii," na huyu hu- ni mjanja sana, kwa sababu hata hamtaji mtu wala siku. Halafu kuna -li-: "Nilimwendea Jumanne jioni, nikamwomba daftari." Swali likianza na "tueleze wakati ulipo...", karatasi ya alama iliyo mbele ya mhojaji ina nafasi ya -li- peke yake. Na hata ukijibu kwa Kiingereza, kama wengi wanavyotakiwa, ugonjwa ni uleule na dawa ni ileile.

Ugonjwa wa pili ni wa nafsi, na huu hapa kwetu umekomaa. Tumelelewa kwamba mtu hajisifu mbele ya wazee. Kisima kikichimbwa tunasema tulichimba, hata kama ni mmoja aliyelala kwenye lango la ofisi ya maji siku mbili akisubiri saini. Adabu hiyo ni nzuri nyumbani na kanisani. Mbele ya jopo inakuponza, kwa sababu jopo haliajiri kijiji, linaajiri mtu mmoja.

Niwaonyeshe. Majuzi nilimfanyia mazoezi dada mmoja anayetaka kazi ya afya ya umma. Yeye ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Ana kaya zipatazo mia moja anazozitembelea. Nikamuuliza, "Tueleze wakati ulipokabili upinzani katika kazi yako." Akajibu hivi:

"Kulikuwa na watu waliokataa chanjo. Tuliwahamasisha na hali ikabadilika."

Basi. Maneno tisa. Nikamuuliza, watu gani? Akasema ni nyumba sita, zote karibu na mto. Nani aliwakataza? Mong'ina mmoja, yaani mama mzee, ambaye mjukuu wake alipata homa baada ya chanjo. Ulijuaje kwamba yeye ndiye chanzo? Akacheka. "Niliona kwenye daftari langu kwamba zile nyumba sita zote ni za wakaza wana wake." Ehe, ukafanya nini? "Nilienda kwake bila daftari. Nikamsaidia kupepeta wimbi. Siku hiyo sikutaja chanjo. Siku ya pili ndipo nikamuuliza kuhusu ile homa, akanieleza yote. Nikamwambia ukweli, kwamba homa ndogo baada ya chanjo hutokea, na nikamwonyesha dalili zipi ni za kumkimbiza mtoto hospitali. Wiki iliyofuata alikuja kliniki mwenyewe, amembeba mtoto mgongoni." Na zile nyumba nyingine? "Tano kati ya sita zilikuja mwezi huo. Ya sita walikuwa wamehama."

Yule dada alikuwa amekalia dhahabu akidhani ni kigoda. Ndani ya kisa kile mna uchunguzi, mna subira, mna ukweli, mna matokeo yenye hesabu, na mna jambo ambalo wahojaji hulipenda kuliko anavyodhani mwombaji: ile nyumba ya sita. Mtu anayekubali kwamba moja ilimponyoka huaminiwa zile tano.

Vitabu vya mafunzo hupanga kisa kwa hatua nne: hali, jukumu, hatua ulizochukua, matokeo. Upangaji huo ni mzuri, ila angalieni mizani. Waombaji wengi humaliza muda kwenye hali. Wanaeleza historia ya kijiji tangu enzi za ukoloni, na wakifika kwenye hatua zao mwenyekiti anatazama saa. Hali ipewe sentensi mbili. Jukumu lako, moja. Hatua ndizo nyama ya jibu. Matokeo yapewe namba, au tarehe, au jina la kitu kilichobaki pale baada yako.

Mtaniuliza, na asiyewahi kuajiriwa je? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowaambia vijana "tafuta kwanza uzoefu". Uzoefu mnao, mmeudharau tu. Mweka hazina wa chama cha akina mama ameshika pesa za watu. Aliyeongoza kwaya amewahi kumwondoa mwimbaji aliyekuwa akichelewa, na akabaki naye kwenye urafiki. Kuna kijana aliyekuwa karani katika kituo cha kupimia majani chai upande wa Nyamira. Nilipomuuliza kuhusu uadilifu akaniambia, "Mimi nimeokoka." Nikamwambia nafurahi, lakini karatasi yangu haina safu ya wokovu. Nikambana kidogo, na mwisho akakumbuka jioni moja alipogundua kwamba alikuwa ameandika kilo 71 badala ya 17. Mkulima alikuwa ameondoka na risiti yake akitabasamu. Kijana akapanda boda boda kwa pesa zake mwenyewe, akaenda kwa yule mzee, akamweleza, wakasahihisha mbele ya mkewe, na asubuhi akaripoti kwa msimamizi wake kabla hajaulizwa. Hicho ndicho kisa. Alikuwa anakificha kwa sababu kinaanza na kosa lake.

Andaeni visa sita au saba hivi, si ishirini. Kisa kizuri hujibu maswali matatu tofauti ukikigeuza upande. Visemeni kwanza kwa Ekegusii au Kiswahili, kwa ndugu asiyejua kazi unayoomba, naye akukatize apendavyo. Ukikariri kisa kwa Kiingereza cha vitabuni, mhojaji akidokoa swali dogo tu, "alivaa nini?", jengo lote linaanguka. Kisa ulichokiishi hakianguki, maana unakiona.

Upande wa pili wa maandalizi ni kuijua kazi. Mnaoomba kazi za kaunti, someni Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, lile linalogawa majukumu kati ya serikali kuu na kaunti. Ni aibu kumsikia anayetaka kuwa msimamizi wa wadi akiahidi kujenga shule ya upili, ilhali elimu iliyo mikononi mwa kaunti ni ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Someni pia mpango wa maendeleo wa kaunti yenu wa 2023 hadi 2027, angalau kurasa za idara yenu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Ukijua hilo, na ukajua kwamba mashamba yetu yamekatwakatwa hadi mengine ni robo ekari, swali la "changamoto za ugani" utalijibu kwa mfano wa shamba la mjomba wako.

Katiba yenyewe, ibara ya 10 na ya 232, ina maadili na kanuni za utumishi wa umma. Msizikariri kama shairi. Kila kanuni iwekee kisa chako kimoja. Ukiulizwa uwajibikaji ni nini, kilo 17 zipo.

Nasikia minong'ono huko nyuma, na najua inasema nini: haya yote ya kazi gani ikiwa kazi ni za kujuana? Sitawadanganya. Nimekulia hapa, nami nimeona nafasi iliyokuwa na mwenyewe kabla tangazo halijakauka wino. Lakini kuna mambo ambayo anayelalamika hapati nafasi ya kuyatumia kwa kuwa hayajui. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka bodi ya kaunti, katika nafasi za ngazi ya kuingilia kazini, itoe angalau asilimia 30 kwa watu wasiotoka jamii iliyo kubwa katika kaunti hiyo. Hapa tunaitazama asilimia hiyo kama kitu tunachopokonywa. Kigeuze: Homa Bay, Migori, Narok, Bomet na Kericho wote ni majirani zetu, na huko asilimia 30 inakuhusu wewe. Kijana wa Keroka anayeomba Kisii na Nyamira peke yake amejifungia milango mitano. Sheria hiyohiyo inampa asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya kaunti haki ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Rufaa huandikwa kwa ushahidi, kwa hiyo weka barua zako, nakala ya tangazo, na tarehe.

Anayekuuzia barua ya kuajiriwa, hata akiwa na muhuri, ni mwizi. Sheria ya Hongo ya 2016 humshika mtoaji pamoja na mpokeaji, na Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ina ofisi mjini Kisii. Kuhusu vyeti sihitaji kusema mengi: Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilieleza kwamba ukaguzi ulikuwa umefichua vyeti ghushi 2,067 miongoni mwa watumishi. Waliokuwa wakifurahia mishahara wakaanza kutafutwa.

Makaratasi nayapitia haraka. Soma tangazo mara tatu. Kinachotakiwa kimeandikwa humo. Alama za vidole kwa ajili ya cheti cha maadili mema zitolewe mapema, si wiki ya mahojiano, wakati foleni ya Huduma Centre imefika barabarani. Mwenye deni la bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, aanze mazungumzo nao leo. Mwenye ulemavu anayehitaji mkalimani wa lugha ya ishara au chumba cha chini aandike kabla ya siku yenyewe. Ni haki yake wala si fadhila. Na anayesubiri nafasi za walimu ajue kwamba tume ya kuajiri walimu, TSC, ina karatasi yake ya alama, ambayo hutazama pia miaka tangu ulipohitimu, kwa hiyo asichanganye maandalizi.

Siku yenyewe utaingia, utasalimu, utaketi ukiambiwa. Meza itakuwa na watu watano au saba, kila mmoja na karatasi yake. Usimtafute aliye na jina la ukoo wenu. Mtazame aliyeuliza, kisha wagawie wengine macho. Usipoelewa swali, omba lirudiwe. Hakuna alama inayokatwa kwa hilo. Ukikosa kisa, nyamaza sekunde kumi ukumbuke. Kwako zitakuwa ndefu kama ibada ya Sabato, kwa jopo ni muda wa kunywa maji.

Nimesema vya kutosha, na hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kusikiliza. Tugawanyike wawili wawili, Kisii na Nyamira wakichanganyika. Mmoja ana dakika mbili za kujibu: "Tueleze wakati ulipokosea jambo lililowagharimu wengine." Anayesikiliza asitoe ushauri wowote. Kazi yake ni kuhesabu kwa vidole kila "tuli-", kila "ninge-" na kila "nita-", na vidole vya mkono mmoja vikiisha, amsimamishe mwenzake aanze upya. Safu ya dirishani, mtaanza ninyi.