Cheti cha Ulemavu Kibebwe Mkononi



Mwaka 1992 Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Desemba kuwa siku ya watu wenye ulemavu. Mwaka huo huo kambi yetu ya Kakuma ilianzishwa. Leo nimeombwa niseme machache kuhusu vijana wetu wanaokwenda vyuoni, nami nitaanzia Uwanja wa Ndege wa Juba.

Ilikuwa Julai 2016, siku chache baada ya mapigano mjini. Jengo jipya lililofunguliwa 2018 lilikuwa bado halijakamilika, nasi tulibanana na mizigo yetu. Homa ya uti wa mgongo iliniharibu masikio nikiwa mtoto: la kushoto halisikii kabisa, la kulia husikia kidogo. Cheti changu cha hospitali nilikitia ndani ya begi kubwa. Jina langu lilipoitwa sikulisikia. Mama mmoja ndiye aliyenisukuma. Nikakimbia na mfuko mdogo, begi likabaki. Nilishukuru kuwa hai, cheti sikukifikiria.

Nilikikumbuka chuoni. Niliomba kukaa mbele na kupewa maagizo ya mtihani kwa maandishi, nikaambiwa nilete uthibitisho. Sikuwa nao. Maagizo yaliposomwa kwa sauti nilimtazama jirani ili nijue tuko wapi, na msimamizi akadhani naiba. Aibu ile, ndugu zangu, sijaisahau.

Nikapimwa upya. Barua ya kwanza ilisema tu kwamba nina tatizo la masikio, ikarudishwa. Nilikasirika, lakini kwa kweli haikuwa na msaada: ingemfundisha nini mwalimu? Ya pili ilieleza nasikia kiasi gani, tangu lini, tatizo linanizuia nini darasani, na nahitaji nini wakati wa mtihani. Hiyo ilikubaliwa.

Hatuombi alama za bure, kama wengine wanavyonong'ona. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008, unasema katika ibara ya 24 kwamba mwenye ulemavu arekebishiwe mazingira ya masomo, hata katika elimu ya juu.

Wazazi, msingoje wiki ya mtihani. Kupimwa huchukua muda, na baraza la mitihani nalo hutaka taarifa mapema. Nanyi wenzetu wa zahanati, tafadhali mpeni mgonjwa nakala yake. Faili likibaki kabatini, yeye akisafiri huondoka mikono mitupu.

Darasani kwangu yupo msichana anayesoma ubao kwa kuusogelea hadi pua iuguse. Anataka ualimu. Cheti bado hana, na nimewaomba wazazi wake tufuatane naye kupimwa wiki ijayo.

Barua yangu imo mfukoni. Anayetaka kuona ilivyoandikwa, anione hapa baada ya mkutano.