KARATASI ISIYOSOMWA

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya haki za ardhi kwa wajumbe wa halmashauri za vijiji, wazee wa kanisa na vikundi vya akina mama, Kiberege)



Kabla ya kuingia katika mada, tunaomba mtupie jicho sufuria zilizoko jikoni. Akina mama wanatupikia ugali, maharage na mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga na nyanya. Mahindi, maharage, karanga, nyanya, na hata ule muhogo tulioshushia chai asubuhi, asili yake ni bara la Amerika. Vyakula hivyo vilivuka bahari baada ya Christopher Columbus kufika huko mwaka 1492. Basi habari za Amerika haziko mbali nasi kama tunavyodhani. Tunazila kila siku.

Mwezi Aprili mwaka 1500 meli za Mreno Pedro Álvares Cabral zilifika pwani ya Brazil. Mwezi Julai mwaka huohuo zilikuwa Kilwa. Safari ilikuwa moja, mabara mawili. Mwaka 1505 Wareno walirudi Kilwa wakiongozwa na Francisco de Almeida, wakaupora mji na kujenga ngome. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa wageni hawa mwenyeji hakupona, si Kilwa, si Amerika.

Tangazo la Wahispania

Ndugu zangu, silaha zilifanya kazi yake, lakini leo tunataka kuzungumzia chombo kingine kilichotumika, nacho ni karatasi. Mwaka 1513 serikali ya Hispania iliandaa tangazo la kusomewa wenyeji wa Amerika kabla ya kupigwa vita. Lilisema kwamba Papa amempa mfalme wa Hispania nchi zao. Wakikubali, watapokelewa kwa wema. Wakikataa, watapigwa na kufanywa watumwa, na lawama itakuwa juu yao wenyewe. Tangazo hilo lilisomwa kwa Kihispania, mara nyingine bila mkalimani. Karani aliandika kwamba limesomwa, ikatosha.

Kanisa halikunyamaza lote. Desemba 1511, katika kisiwa cha Hispaniola, mtawa Antonio de Montesinos alisimama mimbarani mbele ya walowezi akawauliza ni kwa haki gani wanawatesa wenyeji, na kama wenyeji hao si binadamu. Walowezi walikasirika sana. Lakini padre Bartolomé de las Casas, ambaye naye alikuwa na wenyeji wanaomfanyia kazi, baadaye aliwaachia, akatumia maisha yake yote kuwatetea. Hata hivyo vita, kazi za shuruti na magonjwa kama ndui viliangamiza mamilioni ya watu.

Mkataba wa Msovero

Sasa turudi nyumbani, tena humuhumu mkoani kwetu Morogoro. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Msovero, upande wa Kilosa, kwa Chifu Mangungo. Katika mkataba ulioandikwa kwa Kijerumani, Mangungo alionekana kuitoa nchi yake yote kwa chama cha Peters, itumike kwa makazi ya Wajerumani. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kulinda mikataba hiyo. Mwaka 1895 amri nyingine ikatangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali ya Kijerumani, na aliyeamua ipi ina mwenyewe alikuwa Mjerumani huyohuyo. Mwaka 1899 boma la jeshi likafunguliwa Mahenge. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikalipuka, na tarehe 30 Agosti boma hilo likashambuliwa. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi.

Siku hizi mtu akisaini mkataba mbovu anaitwa Mangungo, na wote tunacheka. Tunaomba tusimcheke. Mangungo hakujua Kijerumani. Alichokielewa ni kwamba mgeni anataka urafiki, na mgeni hafukuzwi. Sisi tuna Kiswahili, tumesoma, na sheria tunayo. Je, tunasoma?

Je, sisi?

Tulipotembelea kijiji kimoja cha bonde hili, wananchi walituambia kwamba waliitwa kwenye mkutano wa maendeleo, wakapewa soda, wakasaini orodha ya mahudhurio. Baadaye majina yaleyale yalionekana yameambatishwa kwenye barua inayosema kijiji kimekubali kutoa shamba. Mama mmoja mjane alituuliza, "Nilisaini soda au nilisaini shamba?" Hatukuwa na jibu.

Nasi watu wa miradi tukiri kosa letu. Tumewahi kuwapa wakulima fomu za Kiingereza waweke dole gumba, kwa sababu mfadhili alizitaka haraka. Nia ilikuwa njema, lakini karatasi ilikuwa ileile isiyosomwa. Tumekubaliana ofisini kwamba jambo hilo lisirudiwe. Kila fomu itasomwa kwa Kiswahili mbele ya mwenye kusaini, naye atabaki na nakala.

Kwenu viongozi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 iko wazi. Halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Haki miliki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali. Mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu kisheria. Wengi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi walipata hati za kimila kupitia programu ya serikali iliyoanza mwaka 2016. Mwenye hati aitunze, na jina la mama liwemo.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, orodha ya mahudhurio iandikwe juu yake "mahudhurio tu". Pili, muhtasari usomwe kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa. Tatu, mgeni akitaka saini leoleo, mwambieni arudi wiki ijayo. Mwenye nia njema atarudi.

Biblia inatukumbusha habari za Nabothi katika Wafalme wa Kwanza sura ya 21. Shamba lake la mizabibu lilichukuliwa kwa barua zilizopigwa muhuri wa mfalme, na wazee wa mji wakazitii. Mungu hakumuuliza Ahabu peke yake habari za muhuri. Alimuuliza habari za damu. Mwaka 2016 ndugu zetu Walutheri wa Marekani walitamka rasmi kuyakana mafundisho ya kale yaliyowapa Wazungu haki ya kutwaa nchi za wenyeji. Vatikani nayo iliyakana mwaka 2023. Ni jambo jema, lakini limechukua zaidi ya miaka mia tano. Yule mjane hawezi kusubiri muda huo.

Chakula kiko tayari. Tule vilivyotoka Amerika tukikumbuka waliovilima kwanza.