Njia ya Baisikeli Isiyopitiwa na Motokaa



Mazungumzo yetu ya leo yahusu njia moja iliyoko katika nchi ya Ufaransa, upande wa magharibi, katika jimbo liitwalo Bretagne. Njia hiyo si barabara kuu, na sehemu yake kubwa haikutiwa lami. Ni njia ya changarawe na mchanga ulioshindiliwa. Yafuata kando ya mfereji wa maji kwa mamia ya kilomita, na motokaa haziruhusiwi kupita humo, ila zile za watunzaji wa mfereji. Wapitao ni watu wa miguu na wapandao baisikeli, na mahali pengine wapandao farasi.

Labda msikilizaji mmoja atauliza, “Njia isiyopitiwa na motokaa ina habari gani ya kusimuliwa?” Nami najibu kuwa inayo, kwa maana njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya vita, ikatumika kwa biashara, ikakosa kazi, kisha ikapewa kazi nyingine ambayo waliochimba mfereji hawakuiwaza hata kidogo.

Ukiitazama ramani ya Ufaransa utaona kuwa Bretagne imejitokeza baharini kama pua. Karibu na ncha yake iko bandari ya Brest, ambayo tangu zamani ni bandari kubwa ya manowari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wafaransa, chini ya Napoleon, walikuwa wakipigana na Waingereza, na manowari za Kiingereza zilikuwa zikivizia nje ya bandari hiyo. Chombo cha Kifaransa kilichochukua vyakula au mbao kikipita pwani kilikuwa katika hatari ya kukamatwa. Basi shauri likawa hili: ikiwa bahari imefungwa, na tupite bara. Uchimbwe mfereji kutoka mji wa Nantes, ulio juu ya mto Loire, mpaka Brest.

Mfereji huo haukuchimbwa wote kwa jembe. Kwa sehemu kubwa ilitumiwa mito iliyokuwapo, kama Oust, Blavet na Aulne, ikatengenezwa hata ikapitika. Kisha pakachimbwa penye miinuko ili mito hiyo ipate kuungana. Urefu wote ni zaidi ya kilomita 350. Lakini, kama mjuavyo, maji hayapandi mlima. Kwa hiyo yakajengwa malango ya maji zaidi ya 230. Lango la namna hii ni chumba cha mawe chenye milango miwili, mmoja upande wa juu na mmoja upande wa chini. Tishari likiingia kutoka chini, mlango wa nyuma yake hufungwa, na maji ya juu huachiliwa polepole. Chumba hujaa, na tishari huinuliwa mpaka likalingana na maji yaliyo mbele. Ndipo mlango wa juu hufunguliwa. Hivyo chombo hupanda kilima ngazi kwa ngazi, na njia ya kushuka ni hiyo hiyo.

Mahali palipo juu kuliko pote ni Glomel, meta 184 juu ya bahari. Hapo palikatwa handaki kubwa, urefu wake karibu kilomita 3, na kina chake mahali pengine zaidi ya meta 20. Mashine za kuchimbia kama hizi za leo hazikuwapo. Waliochimba walikuwa wafungwa kwa mamia, wengi wao askari waliotoroka jeshini, nao walifanya kazi hiyo tangu mwaka 1823 mpaka 1832, kwa sururu, koleo na toroli. Leo mahali hapo ni kimya, miti imeota pande zote mbili, na mpanda baisikeli hupita kwa dakika chache tu. Yafaa akumbuke kwamba zile dakika zake chache ziligharimu miaka ya watu wengine.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Matishari ya zamani hayakuwa na injini. Yalivutwa kwa kamba, na farasi au na watu, waliokwenda nchi kavu kando ya maji. Basi ilikuwa lazima pawe na njia ya wavutaji, tena iliyo sawasawa, isiyo na kilima kikali wala mti wa kuzuia kamba. Hiyo ndiyo asili ya njia ya baisikeli ya leo. Kati ya lango na lango njia ni tambarare kama sakafu. Ukifika penye lango hupanda kidogo, kisha tambarare tena. Mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka kumi waweza kwenda pamoja, wala hakuna atakayemwacha mwenziwe mbali.

Mfereji ulikwisha mwaka 1842. Lakini vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha tangu mwaka 1815! Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ilikufa kabla haujazaliwa. Hata hivyo haukukaa bure: matishari yalichukua mawe ya kuezekea nyumba, nafaka, mbao, na mbolea ya kurutubisha mashamba ya bara. Kisha mwaka 1865 reli kutoka Paris ikafika Brest, na mizigo ikaanza kuhamia kwenye magari ya moshi. Pigo kubwa likaja baadaye. Mahali paitwapo Guerlédan pakajengwa boma la kuzuia mto Blavet ili kupata nguvu za umeme, na boma hilo likakamilika mwaka 1930. Bonde likajaa maji, likawa ziwa refu lapata kilomita 12, na malango 17 ya mfereji yakazama pamoja na nyumba za walinzi wake. Mwaka 2015 ziwa lilipokaushwa ili boma likaguliwe, watu wengi walikwenda kuyatazama malango hayo yakiwa wazi katika matope. Tangu lilipojengwa boma hilo hakuna tishari liwezalo kutoka Nantes likafika Brest. Mfereji ulikatwa vipande viwili.

Hapa, wasikilizaji, ndipo penye ajabu ya habari hii. Kile ambacho chombo cha majini hakiwezi tena kukifanya, baisikeli yaweza. Kaskazini ya ziwa palikuwa na reli nyembamba iliyopita kati ya Carhaix na Loudéac, nayo ilifungwa mwaka 1967. Vyuma viling'olewa, na tuta lake likatengenezwa kuwa njia. Basi mpanda baisikeli atokaye magharibi hufuata mfereji mpaka karibu na magofu ya nyumba ya watawa ya Bon-Repos, iliyoanzishwa mwaka 1184. Hapo huuacha mfereji, akashika tuta la reli ya zamani, akalizunguka ziwa, kisha akarudi majini na kuendelea mpaka Pontivy, Josselin yenye ngome ya minara mitatu, na Redon. Njia mbili zilizokufa zimeunganishwa zikawa njia moja iliyo hai. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Njia za namna hii zimekuwa nyingi katika Ufaransa. Huitwa “njia za kijani”, na tangu mwaka 2004 zimo katika sheria ya barabara ya nchi hiyo: ni haki ya watu wa miguu na vyombo visivyo na injini, na katika nyingine farasi huruhusiwa. Faida yake haihitaji maelezo marefu. Kila apandaye baisikeli katika barabara kuu aijua ile hofu ya kusikia ngurumo ya lori nyuma yake, asijue kama dereva amemwona. Katika njia ya mfereji hofu hiyo haipo, na mzazi aweza kumwacha mtoto atangulie mbele.

Hata hivyo njia hii ina mashauri yake. La kwanza ni juu ya changarawe. Wengine husema yafaa itiwe lami, kwa sababu mvua ikinyesha mchanga huwa matope, na mtu aendaye kwa kiti cha magurudumu hupata taabu. Wengine hujibu kwamba changarawe haina gharama kubwa kama lami, huyaacha maji yanywee ardhini, na humzuia mwenye haraka asiende kasi kupita kiasi. Pande zote mbili zina haki. Lakini jambo moja halina ubishi: njia ya changarawe isipotunzwa hufa upesi. Lazima iinuliwe kidogo katikati ili maji yateremke pembeni; mashimo yazibwe yangali madogo; na mizizi ya miti iangaliwe. Naye mpanda baisikeli hana budi kujitengeneza. Mipira miembamba iliyojazwa upepo mpaka ikawa migumu kama jiwe huteleza na kumtikisa mtu mifupa. Mipira minene, iliyopunguzwa upepo kidogo, hujilaza juu ya changarawe na kuikamata vema.

Shauri la pili ni juu ya adabu. Motokaa zikiondoka, mwenye nguvu katika njia sasa ni nani? Ni mpanda baisikeli. Yule aliyekuwa akiogopa lori katika barabara kuu, hapa yeye ndiye huogopwa na bibi kizee atembeaye na mkongojo wake. Kwa hiyo impasa apige kengele angali mbali, apunguze mwendo, apite kwa nafasi, na kusema ahsante. Ikiwa hatafanya hivyo, amekimbia udhalimu ili apate kuwa dhalimu yeye mwenyewe.

Wasikilizaji, waliochimba mfereji ule walifikiri wanafanya kazi ya vita. Wavutaji wa kamba walifikiri njia ile ni ya farasi wao. Leo twaona ya kuwa njia iliyotengenezwa vema yaweza kuishi kuliko haja iliyoileta, mradi wapatikane watu wa kuitunza na wa kuitumia kwa haki. Basi kabla hatujasema juu ya tuta la zamani, daraja la zamani au njia ya zamani kwamba haina faida tena, tujiulize kwanza: je, hapana kazi nyingine iwezayo kuifanya?