Kununua Motokaa Iliyokwisha Tumika

Wasikilizaji wetu wa Katumba na Mpanda, leo twapenda kusema juu ya motokaa zitokazo Japani zikiwa zimekwisha tumika, hasa zile za mbio, mfano wa Subaru Impreza yenye tabo, yaani kipepeo kisukumacho hewa ndani ya injini. Mtu aweza kutoa fedha ya mavuno ya miaka mingi kwa kutazama hesabu ya kilomita peke yake. Hesabu ile mdanganyifu huweza kuirudisha nyuma. Lakini kanyagio la breki likiisha kulika halirudi.

Tena kilomita chache si dalili ya uzima daima. Tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, nayo uhai wake ni mafuta safi. Motokaa iliyokwenda kilomita 60,000 kwa mafuta machafu twaiona duni kuliko iliyokwenda 120,000 ikitunzwa vema. Injini ya EJ20 ina mkanda ambao hubadilishwa ifikapo kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, vali hugonga pistoni, na gharama yake ni kubwa mno. Basi muuzaji wa motokaa ya kilomita 98,000 akiwahimiza, mwulizeni kwanza habari za mkanda.

Na vumbi letu la kiangazi! Fungueni chujio la hewa mlitazame. Kisha injini iwashwe ikiwa baridi: moshi wa buluu maana yake mafuta yaungua ndani, na bei ishuke.