Motokaa ya Zamani Inapochemka: Tushtaki Feni au Rejeta?

Wenye kalamu na karatasi waziweke karibu, maana leo yapo maneno mawili ya kuandikwa.

Jirani yangu mmoja ana Peugeot 404, aina ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mjini ilikuwa ikitulia, lakini ilichemka kila ilipopanda mlima mrefu kwa mwendo mzuri. Akashauriwa kununua feni kubwa. Akanunua, ikachemka vilevile. Akanunua nyingine ya umeme, ikachemka. Mwisho silinda hedi ikapinda, akalipa fedha nyingi kuliko bei ya rejeta mpya. Bwana yule alinunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa.

Basi tuujue ugonjwa kwanza. Petroli ikiungua, sehemu kubwa ya moto wake haigeuki kuwa nguvu ya kuzungusha magurudumu. Moto huo lazima utolewe. Maji huuchukua katika injini, pampu huyasukuma mpaka kwenye rejeta, nayo hupita katika vijibomba vyembamba. Upepo ukipita kati ya vijibomba hivyo huondoka na joto. Wachukuzi ni wawili, maji na upepo. Mmoja akilegea, mwenzake peke yake haiwezi kazi.

Sasa andikeni. Neno la kwanza: motokaa ikichemka inaposimama au kwenda polepole, lakini ikapoa barabarani, shtaki feni. Ikienda kilomita 60 kwa saa, mwendo wenyewe huleta upepo wa kutosha. Ikisimama, hakuna upepo ila ule wa feni.

Neno la pili: motokaa ikitulia mjini, lakini ikachemka inapokimbia au kupanda na mzigo, shtaki rejeta na njia ya maji. Hapo upepo upo, ila joto ni jingi kuliko rejeta inavyoweza kutoa.

Tuseme lawama imeiangukia feni. Usikimbilie dukani. Tazama mkanda wake; ukilegea, feni huzunguka kivivu, na pampu ya maji pia, ikiwa inatumia mkanda huohuo. Tazama kava linaloizunguka feni. Kava likitolewa, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya ile ipitayo katika rejeta. Na mwenye 404 atazame jambo moja zaidi. Feni yake hushikwa kwa sumaku ya umeme maji yapatapo moto, na huachwa yapoapo. Waya ukikatika, feni huzunguka ovyo bila nguvu, nawe utadhani ni nzima.

Ukiamua kuweka feni ya umeme, iweke nyuma ya rejeta, upande wa injini, ivute hewa. Ikiwekwa mbele huziba njia ya upepo wakati gari linapokimbia. Kisha uliza habari za umeme. Magari mengi ya zamani yana dainamo, na dainamo nyingi za magari ya Kiingereza hutoa ampea 22 tu, tena injini ikienda polepole hutoa kidogo sana. Feni kubwa huweza kula nusu ya umeme huo au zaidi, na huutaka wakati uleule dainamo inapokuwa dhaifu. Ukiwa umewasha taa usiku katika msongamano, betri itakwisha. Angalia pia upande wa betri uliofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yamefungwa upande wa chanya. Feni ya kisasa ikiungwa humo kwa mazoea, huenda ikazunguka kinyumenyume na kupigana na upepo.

Sasa tuje kwenye rejeta. Maji ya kisima yenye chokaa huacha ukoko ndani ya vijibomba. Ipashe injini moto, uizime, uchomoe waya wa feni ya umeme kama ipo, halafu papasa uso wa rejeta kwa uangalifu. Pakiwa na mahali pa baridi katikati ya pa moto, hapo pameziba. Fundi aweza kuizibua, au kubadilisha moyo wake na kuacha matangi yaleyale.

Ukinunua mpya, utachagua kati ya shaba na aluminiamu. Ya shaba ni nzito, lakini fundi wa mtaani huilehemu ikitoboka. Ya aluminiamu ni nyepesi, ila yahitaji fundi wa vifaa maalumu, na dawa ya kuzuia kutu ndani ya maji yake. Usidanganyike na wingi wa safu za vijibomba. Rejeta nene yenye safu nne mbele ya feni dhaifu haipitishi hewa vizuri.

Wengine huondoa themostati. Msifanye hivyo. Katika injini nyingine maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na katika nyingine injini hubaki baridi mno, ikaisha upesi.

La mwisho ni kifuniko. Mombasa maji huchemka kwa digrii 100, lakini Nairobi huchemka kwa digrii 95 hivi, kwa sababu mji uko juu. Kifuniko kizima hubana maji yasichemke mapema, kwa hiyo nunua chenye kipimo kilichoandikwa na watengenezaji wa gari lako. Nacho kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Maji yaliyobanwa yakiachiliwa ghafula hugeuka mvuke, na mvuke ule umewababua watu uso na macho. Simameni, ngojeni ipoe.

Haya, zungumzeni katika vikundi vyenu:

1. Landrova yachemka sokoni, lakini barabara kuu yapoa. Utatazama nini kwanza?
2. Kwa nini feni ya umeme yaweza kumaliza betri usiku?
3. Jirani yetu wa 404 angefanya nini kabla ya kununua feni?

Kwa herini, mpaka juma lijalo.