Dalili za Ubovu wa Gia Boksi Ndogo katika Gari la Chama

(Mazungumzo na makatibu wa vyama vya msingi)



Gari la chama ni mali ya kila mwanachama, awe ameleta gunia moja au mia. Likilala njiani wakati wa mavuno, anayeumia ni mkulima ambaye mazao yake yamebaki ghalani. Kwa hiyo yampasa katibu, ingawa si fundi, azijue dalili za ubovu kabla ya kutia sahihi hati ya malipo ya gereji.

Mfano mzuri ni Land Rover za Series III, zilizoundwa tangu 1971 hadi 1985. Nyuma ya gia boksi kuu iko nyingine ndogo. Hiyo ndiyo inayogawa nguvu za injini baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ndiyo yenye gia nzito za kupandia milima na kutokea matopeni.

Dalili ya kwanza ni oili chini ya gari. Katika Land Rover hizo breki ya mkono haikamati magurudumu; hukamata shafti ya nyuma pale inapotoka katika gia boksi ndogo. Sili ya hapo ikichakaa, oili huingia ndani ya breki, nayo huteleza. Dereva anaposema kwamba siku hizi huweka jiwe nyuma ya tairi, huenda ubovu si wa breki peke yake. Gari la namna hiyo likiachwa mteremkoni na watu ndani, roho za watu zimo hatarini.

Ya pili ni mvumo unaozidi kadiri gari linavyokwenda kasi, hata gia kuu zikibadilishwa. Mara nyingi oili imepungua, au beringi zimelika.

Ya tatu ni mkono wa gia nzito kuruka wenyewe. Ukiruka gari likiteremka, injini haizuii tena mwendo. Dereva anayeufunga kwa kamba hajatengeneza kitu, ameficha ubovu.

Ya nne ni oili kupungua katika gia boksi kuu na kuzidi katika ile ndogo. Hapo sili iliyo baina yake imekwisha.

Lakini si kila shida ni ubovu. Dereva akiacha magurudumu yote manne yakivuta juu ya lami kavu, au chama kikifunga tairi zisizolingana, usukani huwa mzito na gia hugoma kutoka. Mara nyingi kurudi nyuma kidogo huifungua. Mwendo huo ukifanywa desturi, ndio unaoleta ubovu wenyewe.

Basi kila chama kiwe na daftari la gari, na humo iandikwe tarehe ya kupima oili, kiasi kilichoongezwa, na kila lalamiko la dereva. Daftari hilo lisomwe mbele ya Halmashauri. Sili ni kitu kidogo. Gia boksi nzima ni jasho la wanachama wengi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.