Dume la Ngoye

Juma hili bei ya unga na mashimo ya barabara tutaviacha vipumzike. Nataka kusema juu ya mti.

Watu wa pwani wanaujua mtapo, ule mmea ambao mgeni huudhania mnazi mfupi, mpaka achomwe na majani yake. Mtapo hautoi maua. Katikati ya majani huchomoza koni, kitu kama nanasi kubwa lenye magamba. Tena kuna mtapo dume na mtapo jike, kila mmoja kwa shina lake. Koni ya dume humwaga chavua, ya jike hubeba mbegu. Wakati ukifika koni hupata joto na kutoa harufu, na wadudu wadogo, jamaa ya fukusi, hutoka kwa dume na chavua mwilini wakaingia kwa jike. Hao ndio washenga. Kabla ya koni kuchomoza, hata fundi wa bustani hawezi kukuambia lipi dume, lipi jike.

Mwaka 1895, huko Afrika Kusini, John Medley Wood wa bustani ya mimea ya Durban aliona kando ya msitu wa Ngoye, katika nchi ya Wazulu, fungu moja la ndugu wa mtapo ambaye wataalamu hawakuwa wakimjua. Lilikuwa dume. Chipukizi moja lilifika bustani ya Kew, London, mwaka 1899. Likakaa zaidi ya miaka mia moja, likatoa koni mwaka 2004. Shina la mwisho liling'olewa msituni mwaka 1916. Jike limetafutwa, juzi juzi hata kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Halijaonekana. Leo mti huo umo katika bustani za nchi nyingi, na wote ni machipukizi ya dume lile lile. Wameuoza kwa binamu yake wa Natal, mbegu zikapatikana, lakini hao ni machotara.

Sasa niseme langu. Miaka kumi iliyopita nilinunua mtapo kando ya barabara, mizizi ingali na udongo wa msituni. "Bosi, huu haufi," kijana aliniambia. Kweli haujafa. Uko karibu na lango, wageni wanausifu. Koni haujatoa bado.

Juzi binti yangu aliniuliza kama ni dume au jike. Nikamwambia sijui.

"Na mwenzake aliyebaki kule msituni, baba?"

Nilichukua ndoo nikaenda kuumwagilia.